Santuri za Detroit, ndege wa Wigan

Wigan ni mji uliokuwa wa makaa ya mawe, ulio kati ya Manchester na Liverpool, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Katikati ya mji huo, kuanzia mwaka 1973, kulikuwa na ukumbi ambamo vijana walikesha wakicheza santuri za Wamarekani weusi ambazo huko Marekani kwenyewe zilikuwa zimeshasahaulika. Pembezoni mwa mji kuna mabwawa yaliyojitokeza pale ardhi ilipodidimia juu ya migodi, na kando ya matete ya mabwawa hayo leo hujipanga watu wenye kamera wakisubiri ndege. Kukusanya santuri adimu za soul na kupiga picha za ndege wa porini ni mapenzi mawili yasiyoonekana kuwa na undugu: moja la usiku na kelele, jingine la alfajiri na ukimya. Hata hivyo si ajabu kuyakuta katika nyumba moja, sanduku la santuri chini ya ngazi na lenzi nene kama mchi nyuma ya mlango. Yote mawili ni uwindaji usioleta kitoweo.

Muziki wenyewe huitwa northern soul, yaani soul ya kaskazini, na jina hilo limewapotosha wengi. Kaskazini inayotajwa ni ya Uingereza, nayo ni ya wasikilizaji. Waimbaji walikuwa Detroit, Chicago, Philadelphia na Los Angeles. Aliyelitoa jina ni Dave Godin, mwandishi aliyekuwa na duka la santuri liitwalo Soul City jijini London. Mashabiki wa timu za mpira za kaskazini waliposafiri kwenda London kwa mechi walipitia dukani kwake, naye akagundua kwamba hawakujali funk mpya iliyokuwa ikitamba. Walitaka mdundo wa mbio wa katikati ya miaka ya 1960. Ili wauzaji wake wajue mteja gani apewe sanduku lipi, akaliita fungu hilo soul ya kaskazini, na mwaka 1970 akalichapisha katika safu yake ya jarida la Blues & Soul. Msemo wa dukani ukageuka jina la madhehebu.

Madhehebu hayo yalikuwa na nyumba zake za ibada. Ya kwanza kupata sifa ni Twisted Wheel ya Manchester, iliyofungwa mwaka 1971. Ikafuata Golden Torch ya Tunstall, mji wa wafinyanzi, kisha chumba cha juu cha Blackpool Mecca. Tarehe 23 Septemba 1973 Wigan Casino ikafungua milango yake saa nane usiku, saa ambayo kumbi nyingine huzima taa, na dansi ikaendelea hadi saa mbili asubuhi. Pombe haikuuzwa. Wachezaji walikuja na mifuko yenye fulana za kubadilisha na kopo la poda ya watoto, ambayo waliinyunyiza sakafuni ili nyayo ziteleze. Vidonge vya kuondoa usingizi vilikuwepo pia, na polisi walilijua hilo. Kila asubuhi ilihitimishwa kwa santuri tatu zilezile, ambazo kwa hesabu ya saa za Waswahili zingeitwa tatu kabla ya saa mbili.

Mchezaji wa Wigan alitaka mambo mawili yanayokinzana: wimbo uwe wa zamani, na uwe haujawahi kusikika. Soul ya aina hiyo, yenye ngoma nzito zinazopiga kila hatua, ngazi za matarumbeta na sauti inayolia juu yake, ilikuwa imekwisha kutengenezwa kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960. Hazina haikuongezeka, hamu ikaongezeka kila wiki. DJ aliyetaka kulinda heshima yake alilazimika kwenda kuchakura. Hapo ndipo starehe ya dansi ilipozaa kazi ya ukusanyaji, nayo kazi hiyo imedumu kuliko kumbi zenyewe.

Cha kuchakura kilikuwepo tele, kwa sababu ya mafanikio ya Motown. Kampuni hiyo ya Detroit ilipoanza kuuza mamilioni ya santuri, kila mwenye dola chache na binamu anayeimba alijiona naye anaweza. Kampuni ndogo ziliota kama uyoga. Mtu alikodi studio kwa saa kadhaa, akatengenezesha nakala mia chache au elfu moja za inchi 7, akazipeleka kwenye vituo vya redio na kuomba Mungu. Redio isipozipiga, maboksi yalibaki stoo. Kwa hiyo santuri adimu ya soul, karibu kwa fasili yake, ni santuri iliyoshindwa. Iliyoshinda haina bei: nyimbo kubwa za kundi la Supremes hupatikana kwenye meza za mitumba kwa senti, kwa sababu kila nyumba ilikuwa nayo. Gloria Jones alitoa Tainted Love mwaka 1965 upande wa pili wa santuri ambayo haikuuzika. Watu wa kaskazini mwa Uingereza waliufufua ukumbini, na mwaka 1981 bendi ya Soft Cell ikauimba upya na kushika namba moja. Ni wachache kati ya walionunua ile ya Soft Cell waliojua kwamba walikuwa wananunua mabaki ya Los Angeles.

Katika miaka ya 1970 santuri ambazo hazikununuliwa ziliuzwa Marekani kwa boksi, karibu kwa mtindo wa marobota ya mitumba: mnunuzi hachagui, anakata kamba nyumbani kwake na kuona alichojaliwa. Waingereza wachache walivuka bahari kuzifuata. Ian Levine, DJ wa Blackpool Mecca, alikuwa akichakura Miami na kurudi na santuri ambazo hakuna mwenzake aliyewahi kuziona. Baadaye Levine alianza kupiga muziki mpya zaidi wa miaka ya 1970, na mashabiki waliodai ngoma za zamani tu wakamtaka aondoke. Ugomvi ulikuwa mkali kuliko mtu wa nje angedhani; ukiusikiliza leo, unafanana na ugomvi wa wazee wa msikiti kuhusu namna ya kusoma.

Santuri inayotajwa kuliko zote ni Do I Love You (Indeed I Do) ya Frank Wilson, namba 35019 ya lebo iliyoitwa Soul, tawi la Motown. Ilitayarishwa mwishoni mwa mwaka 1965 kwa ajili ya redio, na inasemekana nakala kama 250 zilitengenezwa kisha zikaharibiwa karibu zote. Wilson alikuwa mtunzi na mtayarishaji katika ofisi ya Motown ya Los Angeles. Hadithi iliyoshika ni kwamba Berry Gordy, mwenye kampuni, alimtaka achague kati ya kuimba na kutayarisha, naye akachagua kutayarisha. Kwa miaka mingi zilijulikana nakala mbili tu. Mwaka 2009 moja iliuzwa kwa pauni 25,742, na mwaka 2020 nakala iliuzwa kwa pauni 100,000. Ikumbukwe kwamba wimbo wenyewe ulitolewa upya Uingereza na Tamla Motown mwaka 1979, na leo unasikika bure kwenye simu ya mtoto. Anayelipa pauni laki moja hanunui wimbo. Ananunua ushahidi kwamba siku moja mwaka 1965 mashine fulani ilibana plastiki hii hapa.

Ndiyo maana ujuzi wa mkusanyaji uko machoni zaidi kuliko masikioni. Akipewa santuri ya Kimarekani ya inchi 7, kwanza huiinamisha chini ya taa. Tundu la katikati ni kubwa, karibu milimita 38, tofauti na tundu dogo la santuri ya Kiingereza, hivyo gramafoni ya Uingereza huhitaji kipande cha plastiki cha kulijaza. Kisha macho huhamia kwenye ukanda laini ulio kati ya mwisho wa wimbo na karatasi ya lebo. Hapo kiwanda kiliacha alama zake. Herufi ARP zilizogongwa kwa muhuri humaanisha kiwanda cha Owosso, Michigan, kilichotengeneza santuri nyingi za Detroit. Pembetatu ndogo yenye tarakimu pembeni, pamoja na MR ndani ya duara, ni kiwanda cha Monarch cha Los Angeles. Namba nyingine zimechorwa kwa mkono na fundi aliyechonga sahani ya kwanza, na mwandiko wake hujulikana kama mwandiko wa mwalimu wa darasa. Mghushi anaweza kunakili lebo kwa rangi zote. Mwandiko ule humshinda.

Malighafi nayo husema. Santuri za vinaili hubanwa kwa joto pamoja na lebo zake, hivyo karatasi huzama ndani ya plastiki. Santuri za stirini humiminwa kwenye kalibu kama vikombe, na lebo hubandikwa baadaye kwa gundi. Stirini ni nyepesi na ngumu. Ikigongwa kwa ukucha hutoa mlio mkavu. Ikipigwa mara chache tu kwa sindano nzito mifereji yake huchakaa, na wimbo huanza kukwaruza kama mtu anayetembea juu ya kokoto. Kwa hiyo santuri ya stirini inayong'aa inaweza kuwa imekufa, na ya vinaili yenye mikwaruzo mingi ikasikika vizuri. Muuzaji mwaminifu husema kama hali ya santuri ameipima kwa macho au kwa kuisikiliza. Wasiosema ni wengi.

Nakala za bandia zilianza mapema, kwa sababu kiu ilikuwepo na bidhaa haikuwepo. Kumbini kwenyewe kulipigwa sahani laini zilizochongwa moja moja kutoka kwa nakala halisi, zisizodumu zaidi ya majuma machache. Lakini silaha kuu ya DJ haikuwa bandia bali kificho. Akipata santuri ambayo hakuna mwingine anayo, alibandika karatasi nyeupe juu ya lebo na kuandika jina la uongo la mwimbaji na la wimbo, ili wapinzani wasijue cha kutafuta Marekani. Wimbo wa Frank Wilson ulipigwa Wigan kwa jina la Eddie Foster. Watu walicheza, wakapenda, wakaenda madukani kumuulizia Eddie Foster, wakaambulia patupu. Inachekesha, na pia inauma kidogo ukifikiri kwamba mwimbaji alikuwa hai huko California, hana habari kwamba mamia ya vijana wanamshangilia kwa jina la mtu mwingine.

Mara nyingine uadimu hutokana na makaratasi ya kisheria. Darrell Banks alitoa Open the Door to Your Heart Marekani mwaka 1966, nayo ikauzika vizuri, hivyo nakala ya Kimarekani si mali. Uingereza, lebo ya London ilikuwa imeanza kuitengeneza ilipobainika kwamba haki zimekwenda kwa lebo nyingine, Stateside. Nakala za London zikarudishwa. Iliyoponyoka imewahi kuuzwa kwa zaidi ya pauni 14,000, ilhali ndugu yake wa Stateside, mwenye sauti ileile, hupatikana kwa fedha za kawaida.

Kati ya santuri na ndege kuna daraja ambalo halijulikani sana. Mwaka 1936 Ludwig Koch, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, alitoa Uingereza kitabu cha Songs of Wild Birds akishirikiana na mtaalamu wa ndege E. M. Nicholson, na ndani yake zikawemo santuri za sauti za ndege wa porini zilizonaswa msituni. Koch alibeba mitambo ya kurekodi kwa gari hadi vichakani. Kwa wasikilizaji wengi wa Uingereza hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia ndege na kuweza kumrudia, na santuri hizo sasa nazo hutafutwa na wakusanyaji.

Upigaji picha za ndege ulikuwa umeanza kabla ya hapo, na waanzilishi wake ni wa kaskazini. Ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, walizaliwa Thwaite, kijiji cha wafuga kondoo katika bonde la Swaledale huko Yorkshire. Mwaka 1892 walipiga picha ya kiota chenye mayai, na mwaka 1895 wakatoa British Birds' Nests, kitabu ambacho picha zake zote za viota zilipigwa porini kwa kamera. Kamera za wakati huo zilikuwa masanduku ya mbao yenye vioo, na lenzi hazikuvuta mbali. Ilibidi mtu asogee hadi karibu. Ndugu hao wakapata ngozi ya ng'ombe dume iliyokaushwa na kujazwa kiunzi, Richard akaingia tumboni na kamera yake ikichungulia kifuani. Ndege hawaogopi ng'ombe. Siku moja alisimama ndani kwa saa nyingi hadi akazimia, ng'ombe akaanguka miguu juu, na Cherry, badala ya kumwokoa kwanza, akapiga picha.

Cherry ndiye kiungo cha habari hii na Afrika Mashariki. Mwaka 1909 alikuwa Kenya ya leo na kamera ya filamu, na huko akamnasa Theodore Roosevelt, rais wa Marekani aliyekuwa ametoka madarakani na kushukia Mombasa mwezi Aprili mwaka huo kwa safari ya kuwinda. Roosevelt alikuja na bunduki, mtoto wa wafugaji wa Yorkshire alikuja na lenzi, na filamu yake ilionyeshwa mwaka uliofuata.

Kabla ya kamera, mpenzi wa ndege wa Uingereza alikuwa mkusanyaji hasa. Alitoboa yai kwa sindano, akapuliza kilichomo, akaliweka kwenye droo iliyotandikwa pamba na kuandika tarehe na mahali. Kadiri ndege alivyokuwa adimu ndivyo yai lake lilivyotafutwa, na kadiri lilivyotafutwa ndivyo ndege alivyozidi kuwa adimu. Sheria ya mwaka 1954 ilipiga marufuku kuchukua mayai ya ndege wa porini, na ile ya mwaka 1981 ikaharamisha hata kuwa nayo nyumbani, isipokuwa yale ya zamani. Mabibi nao walikuwa na lao: manyoya ya kofia. Mwaka 1889 Emily Williamson alianzisha nyumbani kwake Didsbury, Manchester, chama cha wanawake walioapa kutovaa manyoya hayo, nacho ni miongoni mwa mizizi ya RSPB, shirika kubwa la kulinda ndege nchini humo. Kibisi wa kishungi, aliyekaribia kumalizwa kwa ajili ya kofia, leo huogelea kwenye mabwawa ya Wigan akiwa amebeba vifaranga mgongoni.

Jina la mpiga picha Eric Hosking haliwezi kurukwa. Mwaka 1937, akipanda usiku kwenye kificho chake karibu na kiota cha bundi nchini Wales, bundi alimshukia kimya na kumpiga usoni. Akapoteza jicho la kushoto. Aliendelea na kazi kwa jicho moja kwa zaidi ya miaka 50, akawa miongoni mwa wa kwanza kutumia taa za kumulika ghafla kwa ndege wanaoruka gizani, na mwaka 1970 maisha yake yakatoka katika kitabu cha An Eye for a Bird, yaani jicho kwa ndege. Alijua kutania.

Mabwawa ya Wigan na Leigh, ambayo wenyeji huyaita flash, ni zao la migodi. Makaa yalipotolewa chini, ardhi ilishuka, maji yakajaa. George Orwell aliyapita mwaka 1936 alipokuwa akikusanya habari za kitabu chake kuhusu Wigan, na kwake yalikuwa sura ya uharibifu. Matete na mierebi vilijiotea vyenyewe juu ya vifusi, ndege wakafuata, na mwaka 2022 mabwawa haya yakatangazwa hifadhi ya taifa ya mazingira asilia. Kubwa lililo maarufu kwa wapiga picha ni Pennington Flash, Leigh. Juu yake, mwezi Aprili, hufika mbayuwayu waliotoka Afrika Kusini, ndege wa aina ileile inayoonekana ikipita pia Afrika Mashariki wakati wa safari zake.

Kificho cha kisasa ni kibanda cha mbao chenye dirisha refu lisilo na kioo. Saa kumi na moja alfajiri ya Mei watu wanne wamekaa kwenye benchi moja bila kusalimiana sana. Mbele yao, mita kama kumi, kuna kijiti kilichochomekwa majini. Mdiria akija atakaa hapo, kwa sababu ndicho kituo pekee kilicho juu ya samaki; kwa maneno mengine mandhari ya asili imepangwa na mtu jana yake. Ndege anafika kama risasi, anakaa, na lenzi nne zinageuka. Bluu ya mgongo wake si rangi. Katika unyoya hakuna chembe ya bluu, bali umbile dogo mno linalorudisha mwanga wa bluu tu, hivyo akigeuka kidogo huonekana kijani, na kivulini hufifia. Mpiga picha mzoefu habonyezi ndege anapotua, anangoja ageuke. Shata imewekwa 1/2000 ya sekunde, lenzi ni milimita 500 au 600, na kamera mpya hulitafuta jicho la ndege yenyewe na kupiga fremu 20 kwa sekunde bila mlio. Mdiria anazama, anaibuka na samaki, ametoweka. Zimepigwa fremu 140. Zitakazobaki jioni ni mbili, pengine hakuna.

Kamera imerahisisha mambo hadi picha nzuri ya mdiria haina tena thamani kubwa. Aliyesimama juu ya kibao cha kukataza uvuvi amepigwa mara nyingi hadi amekuwa mzaha. Hali ni ileile ya santuri za Supremes. Heshima imehamia kwa ndege wasiojionyesha. Mmoja ni ngojamaliko, jamaa ya korongo ajifichaye katika matete, ambaye jina lake la Kiswahili limeanza na neno ngoja, nalo linamfaa. Mlio wa dume hufika kilomita tano kama mtu anayepuliza mdomoni mwa chupa kubwa, lakini mwenyewe haonekani hata akiwa hatua chache. Alikuwa ametoweka Uingereza kama ndege wa kuzaliana. Mwaka 1911 Emma Turner alipiga picha ya kinda lake huko Norfolk, na picha hiyo ndiyo iliyothibitisha kwamba amerudi. Mwaka 1997 madume waliosikika nchi nzima walikuwa 11 tu. Sasa ni zaidi ya 200.

Mwingine ni willow tit, kijindege cha kahawia chenye kofia nyeusi, anayetoboa mwenyewe tundu la kiota katika mti uliooza. Idadi yake Uingereza imeshuka kwa zaidi ya asilimia 90 tangu miaka ya 1970, na vichaka vyenye maji vya migodi ya zamani ni kati ya ngome zake za mwisho. Shida yake kwa mpiga picha ni kwamba anafanana mno na marsh tit, kiasi kwamba wataalamu walikuja kutambua kuwa Uingereza ina ndege wawili mwaka 1897 tu. Kofia ya willow tit imefifia, ya marsh tit inang'aa. Wa kwanza ana ubapa mweupe bawani, wa pili doa jeupe mdomoni. Picha zikiwa wazi, watu hubishana juu ya mambo haya kwa saa nzima, wakikuza sehemu moja ya bawa kama mkusanyaji anavyokuza mwandiko wa fundi wa Detroit.

Mwezi Machi 1994 Pennington ilipata mgeni ambaye haijamsahau. Ni kijindege mla mbegu mwenye umbo la shorewanda na uso mweusi, wa Asia ya Mashariki, ambaye hakuwahi kuthibitishwa Uingereza kabla ya hapo. Alikaa hadi Aprili, na watu wakamiminika kutoka kila pembe ya nchi. Hapa ndipo njia za mapenzi haya mawili hugawanyika. Santuri ikijulikana hufungiwa katika mikono ya mtu mmoja na bei yake kupanda. Ndege akijulikana huwa wa kila mwenye nauli, na asipolindwa umati wenyewe humfukuza.

Ndiyo maana usiri nao umeingia kwenye mabwawa, lakini kwa sababu nyingine kabisa na ile ya DJ. Wezi wa mayai hawajaisha. Kwa sheria ya mwaka 1981, kumsumbua mdiria, ngojamaliko au bundi mweupe akiwa kwenye kiota ni kosa, na anayetaka kumpiga picha hapo lazima awe na leseni. Kupiga mlio wa ndege kwenye simu ili dume aliye porini aje kumfukuza mpinzani asiyekuwepo hulaumiwa sana majira ya kuzaliana, kwa kuwa humpotezea nguvu anazohitaji kwa vifaranga. Wapiga picha wazuri hutoa picha ya kiota baada ya makinda kuruka, bila kutaja jina la mahali. Wengine hutaja wilaya tu. Nayo kamera isiyo na haya huandika majira na mahali ndani ya faili la picha, hivyo kuna waliojikuta wametoa siri bila kujua.

Wigan Casino ilifungwa tarehe 6 Desemba 1981 kwa kupiga santuri ya Frank Wilson. Jengo lilibomolewa, na mahali pake pana maduka ya Grand Arcade. Vijana wa wakati ule sasa ni wazee, na makusanyo yao yanarudi sokoni boksi kwa boksi. Santuri huwekwa wima, mbali na joto, katika bahasha mpya za karatasi, kwa sababu zikilazwa hupinda. Zikitunzwa hivyo zinajieleza zenyewe mbele ya mrithi yeyote: namba iko kwenye lebo, alama ya kiwanda iko kwenye ukanda laini, na muuzaji atatoa bei bila kumjua marehemu. Picha za ndege hazina bahati hiyo. Slaidi za miaka ya 1970 zilizoandikwa tarehe, mahali na idadi hupokelewa na watunza kumbukumbu za ndege wa wilaya na kuingizwa katika orodha zao. Zisizo na maandishi, hata ziwe na bundi mzuri kiasi gani, hubaki kwenye droo alimoziacha mwenyewe.